Mwongozo Kamili wa Kusoma Aristophanes kwa Kigiriki Chenyewe, Hatua kwa Hatua

Wengi wanaoniomba msaada wamekwama mahali pamoja. Wamemaliza kitabu cha sarufi, alfabeti wanaijua hata usingizini, wamefungua Vyura, tamthilia ya Aristophanes, mtunzi wa komedia wa Athene ya kale, na mstari wa tano umewashinda. Wengine wametoka vyuo vya theolojia. Injili ya Yohana wanaisoma kwa Kigiriki bila kushika kamusi, lakini Aristophanes anawatoa jasho. Wote huishia kusema hawana kipaji cha lugha, na wengine huiacha ndoto ya kuwa wanazuoni wa komedia ya Kigiriki hapo hapo.

Kipaji hakina kosa hapa. Karibu wote wanasoma Kigiriki kupitia Kiingereza, tena kwa macho tu, bila sikio. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: mistari michache kila siku, kwa sauti, kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kiswahili. Hatua ni kumi. Ya kwanza hufanywa mara moja tu, na ya 2 hadi ya 8 hurudiwa kila siku ya kusoma. Mbili za mwisho ni za anayetaka kuifanya kazi hii kuwa taaluma yake.

Nimechagua Vyura, iliyochezwa Athene mwaka 405 KK na kushinda tuzo ya kwanza, kwa sababu mwanzo wake ni mazungumzo mepesi ya bwana na mtumwa wake, na kwa sababu kuna sherehe nzuri, yaani vitabu vya maelezo ya matini, za kukusaidia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Matini ya Kigiriki. Toleo la N. G. Wilson la Oxford (2007) ndilo ninalolitumia. Kama hulipati, maktaba ya kidijitali ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts ina matini ya zamani bila malipo, nayo inatosha kwa kuanzia.
- Kamusi. Kamusi kubwa ya Liddell, Scott na Jones inapatikana bure kupitia Logeion, tovuti ya Chuo Kikuu cha Chicago.
- Sherehe ya mstari kwa mstari. Kwa Vyura, ya Kenneth Dover (Oxford, 1993). Ni ghali, omba maktaba ikuazimie.
- Tafsiri moja ya karibuni. Moja tu. Tafsiri nyingi za karne ya 19 zilifuta matusi, nawe utashindwa kuelewa watu wanacheka nini.
- Daftari lenye mistari mipana, penseli na kifutio. Kalamu ya wino haifai, maana utafuta sana.
- Kibodi ya Kigiriki yenye alama zote za juu ya herufi, kwenye simu au kompyuta, ili uweze kutafuta neno kwenye kamusi bila kukosea.
- Muda: dakika 50 kwa siku, siku tano kwa wiki. Vyura ina mistari 1,533. Kwa mistari kumi kwa siku utaimaliza kwa wiki 31 hivi, na ukweli ni kwamba baada ya mwezi wa tatu utakuwa unakwenda mbio zaidi.

Unatakiwa uwe umemaliza sarufi ya mwanzo: miisho ya nomino, vitenzi vya kawaida, na vitenzi vya -μι angalau kwa kuvitambua. Kama ulichosoma ni Kigiriki cha Agano Jipya, ongeza wiki mbili za kujifunza mambo manne. La kwanza ni tahajia ya Athene (θάλαττα badala ya θάλασσα, γίγνομαι badala ya γίνομαι). La pili ni vitenzi vya matakwa vyenye -οι- na -αι-, ambavyo katika Agano Jipya ni adimu. La tatu ni idadi ya uwili, ambayo Agano Jipya halina kabisa. La nne ni maneno yaliyounganishwa, kama κἀγώ kwa καὶ ἐγώ.

## Hatua ya 1: Soma tamthilia nzima kwa tafsiri mara moja, kisha uifunge

Keti usome tafsiri kutoka mwanzo hadi mwisho siku moja. Uijue hadithi: Dionysus, mungu wa tamthilia, anashuka kuzimu na mtumwa wake Xanthias ili amrudishe Euripides, mtunzi wa tanzia aliyefariki mwaka 406 KK. Huko anakuta Euripides na Aeschylus, mtunzi wa tanzia aliyemtangulia, wanagombea kiti cha ushairi, anawashindanisha, na mwishowe anaondoka na Aeschylus.

Kwa nini: mzaha hauwezi kueleweka usipojua nani yuko jukwaani na amebeba nini. Kwenye tanzia unaweza kubahatisha hali kutokana na maneno. Kwenye komedia nusu ya maana iko kwenye punda, mzigo na ngozi ya simba ambayo Dionysus amejivika ili aonekane shujaa Heracles.

Tahadhari: ukishaifunga tafsiri, usiifungue hadi umalize Hatua ya 6 ya mistari ya siku hiyo. Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wakiiweka kando ya matini, jicho huhamia upande mwepesi, na baada ya miezi sita wanakuwa wamesoma Kiingereza tu.

Umefaulu ukiweza kumsimulia mtu kisa chote kwa dakika tatu bila kuangalia popote.

## Hatua ya 2: Nakili mistari kumi kwa mkono

Andika mistari kumi ya Kigiriki daftarini, ukiacha nafasi ya mistari minne chini ya kila mmoja. Andika alama zote: za mkazo, za pumzi na koma ya juu inayoonyesha irabu iliyodondoshwa.

Kwa nini: mkono unaona kile ambacho jicho linaruka. Ukiandika Δί᾽ utajiuliza koma ile inafanya nini, na utagundua ni Δία iliyopoteza irabu yake.

Tahadhari: usiandike tafsiri juu ya maneno kwenye kitabu chenyewe. Ukirudi baadaye utasoma penseli yako na Kigiriki utakipita.

## Hatua ya 3: Chambua kila neno, ukianzia na kitenzi

Hii ndiyo hatua ndefu, na ndipo Kiswahili chako kinapogeuka mtaji. Tuuchukue mstari wa kwanza wa Vyura. Xanthias anazungumza:

Εἴπω τι τῶν εἰωθότων, ὦ δέσποτα,
*Eipō ti tōn eiōthotōn, ō despota,*

Tafuta kitenzi. Εἴπω: ndani ya neno moja mna mtendaji (mimi), tendo (kusema) na namna (anauliza kama afanye). Mwanafunzi anayepitia Kiingereza anahitaji maneno matatu na maelezo ya nusu ukurasa kuhusu aina hii ya kitenzi. Wewe unahitaji neno moja: Niseme? Ile -e ya mwisho katika "niseme", "tuondoke", "nifanyeje" inafanya kazi ile ile hapa. Kigiriki hubandika mtendaji mwishoni mwa kitenzi, Kiswahili humtanguliza. Tofauti kubwa ni hiyo tu.

Kwenye kamusi neno hili utalikuta chini ya εἶπον, "nilisema". Kamusi ya Kigiriki haipangi kwa mzizi mtupu kama yetu inavyoorodhesha "-sema". Kwa kawaida hupanga kwa umbo la "nasema", na mara nyingine, kama hapa, kwa umbo la wakati uliopita. Zoea hilo mapema.

Τι ni "kitu fulani, kimoja". Τῶν εἰωθότων ina mwisho wa umiliki, yaani kazi inayofanywa na -a yetu katika "ya", "za", "wa". Ni "ya yale yaliyozoeleka", na utaikuta kwenye kamusi chini ya ἔθω. Angalia τῶν na -ότων zinavyokubaliana, kama "yale yaliyo-" zinavyokubaliana kwetu. Aliyekua akisema "viti vile vizuri vimevunjika" ameshazoea maneno kuvaa sare moja, kwa hiyo upatanisho wa Kigiriki usimtishe.

Ὦ δέσποτα ni wito: "ewe bwana", kwa maana ya bwana anayemiliki mtumwa.

Fanya hivyo kwa kila neno la mistari kumi. Andika chini yake: umbo, neno la kamusi, kazi yake katika sentensi. Mwanzoni mistari kumi itakula sehemu kubwa ya muda wako wa siku. Ni kawaida.

Tahadhari ya kwanza: ukibofya neno kwenye Perseus, utapewa maumbo kadhaa yanayowezekana. Yachukulie kama mapendekezo. Chagua kwa kuangalia kitenzi kinahitaji nini.

Tahadhari ya pili: maneno yaliyoungana yanapotea kwenye kamusi. Mstari wa 8 una τἀνάφορον. Hulipati popote hadi uligawanye: τὸ ἀνάφορον. Alama inayofanana na koma juu ya α katikati ya neno ndiyo inayokuambia kuna maneno mawili yamekutana.

Nibaki kidogo na neno hilo, maana linanifurahisha kila ninapolifundisha. Ἀνάφορον ni mti wa kubebea mizigo begani. Vitabu vya Kiingereza huzunguka kulieleza. Sisi tunalo neno lake: mzega. Dionysus anamkataza Xanthias asifanye mzaha wa wapagazi wanaohamisha mzega huku wakilalamika kwamba wanataka kunya (χεζητιᾷς, kitenzi chenye kiambishi kinachomaanisha "kushikwa na hamu ya"). Ukiliandika "mzega" daftarini, unamwona mtu na bega lake, na jinsi anavyolihamisha hilo likitoka kwenda hili.

Umefaulu ukiweza kufunika daftari na kueleza kila neno la mistari yote kumi lina mwisho gani na kwa nini.

## Hatua ya 4: Pima mstari kabla ya kutafsiri

Waswahili wengi wanaanguka hapa, kwa sababu nzuri kabisa: tumelelewa na mizani. Mshairi wetu huhesabu silabi, nane kwa nane, na mstari wenye mizani tisa una kasoro. Mtu akihesabu Aristophanes hivyo, anapata silabi 12 mstari huu na 13 ule, anadhani matini imeharibika au yeye amekosea.

Shairi la Kigiriki hupima uzito. Silabi ni nzito ikiwa na irabu ndefu au irabu mbili zilizoungana, au irabu fupi inayofuatwa na konsonanti mbili (ζ, ξ na ψ huhesabiwa mbili, lakini jozi kama πλ au τρ katika komedia kwa kawaida huiacha silabi nyepesi). Vinginevyo ni nyepesi. Η na ω ni ndefu daima, ε na ο ni fupi daima. Α, ι na υ utaziangalia kwenye kamusi.

Mazungumzo ya komedia hutumia kipimo chenye nafasi 12, kilichogawanyika mara tatu hivi: *yoyote – nzito – nyepesi – nzito*. Mstari wa kwanza:

Εἴ-πω τι τῶν | εἰ-ω-θό-των | ὦ δέσ-πο-τα
nzito nzito nyepesi nzito | nzito nzito nyepesi nzito | nzito nzito nyepesi *mwisho*

Silabi ya mwisho wa mstari huhesabiwa kuwa nzito hata ikiwa fupi, kwa sababu kuna pumziko. Sasa wa pili:

ἐφ᾽ οἷς ἀεὶ γελῶσιν οἱ θεώμενοι;
*eph' hois aei gelōsin hoi theōmenoi?*

Nyepesi nzito nyepesi nzito, mara tatu bila kukatika. Wa kwanza unatembea kwa uzito wa mtu aliyebeba mzigo. Wa pili unarukaruka kama vicheko vinavyotajwa ndani yake ("ambayo watazamaji huyachekea siku zote"). Sidai mshairi alikusudia hivyo, lakini sikio linasikia, na ukisoma kwa macho tu hulipati.

Halafu wa tatu, Dionysus akijibu:

νὴ τὸν Δί᾽ ὅ τι βούλει γε, πλὴν "πιέζομαι",
*nē ton Di' ho ti boulei ge, plēn "piezomai",*

Hesabu: silabi 13. Hakuna kosa. Nafasi ya nne, inayotaka silabi nzito, imejazwa na nyepesi mbili, ὅ τι. Nyepesi mbili zimelingana na nzito moja, kama shilingi hamsini mbili zilivyo sawa na mia. Komedia hutumia ruhusa hii kwa wingi kuliko tanzia, na ndiyo inayofanya mazungumzo yake yasikike kama ya sokoni.

Kwa nini upime kabla ya kutafsiri: kipimo kitakuonyesha makosa ya Hatua ya 3. Ukiona nafasi ya tatu imekaliwa na silabi nzito, ama umesoma vibaya urefu wa irabu, ama umeruka neno. Pia mbele ya safari kipimo kinakuambia mtu anaimba, anakariri au anazungumza, na ni lini anamwiga Euripides.

Tahadhari: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi utakuvuta huko. Utasema *desPOta*. Alama iko juu ya δέ: *DESpota*. *TheOmenoi*, wala si *theoMEnoi*. Soma polepole hadi ulimi uzoee.

Umefaulu ukiweza kupiga mistari kumi kwa kiganja juu ya meza, kizito na chepesi, bila kusimama.

## Hatua ya 5: Sikiliza vijineno

Γε, δή, γάρ, οὖν, ἄρα, δῆτα. Vitabu vya sarufi huvipitia haraka na tafsiri nyingi huviacha. Kwenye komedia ndivyo vinavyobeba sauti ya mtu: kejeli, mshangao, kukubali shingo upande. Anayejua Kiswahili cha mazungumzo anavielewa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kufundisha, kwa sababu lugha yetu imejaa ndugu zao.

Γάρ ni "maana" au "kwani". Οὖν ni "basi". Οὐ δῆτα ni "la hasha". Ἄρα ya kugundua jambo ni "kumbe", na inafanana nayo hadi kwenye hali ya moyo: mtu alikuwa hajui, sasa amejua. Iota inayobandikwa mwishoni mwa οὗτος ikawa οὑτοσί ni "huyu hapa", na mara nyingi inakuonyesha kwamba mwigizaji ananyoosha kidole.

Chukua mstari wa 21. Dionysus ametembea kwa miguu, mtumwa wake amepanda punda, bwana anakasirika: εἶτ᾽ οὐχ ὕβρις ταῦτ᾽ ἐστί... Εἶτα kwa kawaida ni "kisha". Mwanafunzi akiandika "kisha huu si ujeuri", sentensi imekufa. Msikie mama mwenye nyumba aliyechoka: "Halafu huu si ujeuri?" Ni εἶτα ile ile, yenye ghadhabu ile ile.

Fanya hivi: tenga kurasa mbili za nyuma ya daftari ziwe za vijineno tu. Kila ukikutana na kimoja, nakili mstari mzima na uandike Kiswahili chake cha mahali pale. Usitafute tafsiri moja ya kudumu.

## Hatua ya 6: Tafsiri kwa Kiswahili, na uonyeshe mzaha ulipo

Andika tafsiri yako. Mistari mitatu ya kwanza inaweza kuwa hivi: "Niseme mojawapo ya yale tuliyoyazoea, bwana, ambayo watazamaji huyachekea siku zote?" "Ee, wallahi, lolote utakalo, ila tu 'nimeelemewa'." Kiapo νὴ τὸν Δία ni "naapa kwa Zeus". "Wallahi" inakipata kiapo kwa sauti yake lakini inambadilishia mungu. Weka chaguo lako na uandike pembeni sababu. Ukifikia uzamili utaulizwa.

Kisha piga mstari chini ya neno ambalo watu walichekea. Mara nyingi liko mwishoni. Mstari wa 22 ndio mfano ninaoupenda kuliko yote: Dionysus anajitambulisha kwa majivuno, Διόνυσος, υἱὸς... watazamaji wanasubiri Διός, "wa Zeus", na inakuja Σταμνίου. Stamnion ni mtungi mdogo wa mvinyo. Kiswahili kinaipokea kana kwamba kiliumbwa kwa ajili yake: "mimi Dionysus, bin... Mtungi." Ukisema "mwana wa mtungi mimi Dionysus" umeua mzaha. Mpangilio wa maneno ndio mzaha wenyewe, na sentensi yetu inaweza kulisubirisha neno hadi mwisho. Isubirishe.

Tahadhari kuhusu matusi: Aristophanes hana haya. Kamusi ya Liddell na Scott huficha maana za maneno ya aibu kwa kuyafasiri kwa Kilatini. Daftarini andika neno lenyewe, hata kama usingeweza kulitamka mbele ya mkweo. Ukiandika "haja kubwa" mahali pa neno la chooni, umebadilisha nani anazungumza na nani. Kupunguza ukali ni uamuzi wa jukwaani. Uamue ukiwa unajua unachopunguza.

Umefaulu ukiweza kumsomea mtu asiyejua Kigiriki tafsiri yako, naye akacheka pale ulipopiga mstari. Asipocheka, rudi Hatua ya 3.

## Hatua ya 7: Sasa fungua tafsiri na sherehe

Linganisha. Palipotofautiana, usifute chako mara moja. Tafuta sababu kwenye sherehe. Mara nyingi utakuwa umekosea mwisho wa neno. Safari nyingine utakuta wataalamu wenyewe hawakubaliani, na hapo weka nyota pembeni. Nyota hizo ni mali yako ya baadaye.

Mambo ambayo sherehe tu ndiyo itakupa ni kama haya: mstari wa 140 una nauli ya mashua ya Charon, mvushaji wa wafu: δύ᾽ ὀβολώ, sarafu mbili za oboli, kwa idadi ya uwili. Katika mstari wa 141 Dionysus anajibu ὡς μέγα δύνασθον πανταχοῦ τὼ δύ᾽ ὀβολώ, "zina nguvu iliyoje kila mahali, hizo oboli mbili!" Kitenzi, kibainishi (τώ) na nomino vyote viko katika uwili. Sarufi utaiweza. Kwamba watu wa Athene wakati ule walisikia humo malipo ya oboli mbili waliyogawiwa raia, hilo huwezi kulibuni.

Jifunze pia kusoma maelezo madogo chini ya ukurasa wa matini. Herufi R ni hati ya mkono ya Ravenna, ya karne ya 10, ambayo ina tamthilia zote 11 zilizobaki. Maelezo hayo yameandikwa kwa Kilatini, na ndiyo sababu ya kwanza ya mtu wa komedia ya Kigiriki kujifunza Kilatini.

## Hatua ya 8: Rudia kesho kwa sauti

Kabla ya mistari mipya, soma ya jana kwa sauti mara mbili, bila daftari. Usipoielewa mahali, weka alama na uendelee. Dakika kumi zinatosha. Anayeruka hatua hii hufika mstari wa 300 akiwa bado anatafuta εἴωθα kwenye kamusi.

## Hatua ya 9: Geuza nyota zako kuwa swali la utafiti

Ukifika mstari wa mwisho utakuwa na nyota labda 60. Zipange kwa aina. Nyingine zitakuwa za maneno, nyingine za nani anasema nini. Za aina hii ya pili ni nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu hati za kale ziliweka alama tu ya kubadilika kwa msemaji, mara nyingi bila jina, na wahariri ndio waliogawa mistari. Nyingine zitakuwa za matini, kama vile mistari ya 1437 hadi 1453, ambapo ushauri wa washairi wawili kwa mji unaonekana kuwa na majibu yaliyochanganyika, na wahariri wamevutana kwa muda mrefu.

Chagua kundi moja na uandike kurasa 15. Swali zuri ni dogo: "Xanthias anatumia γε lini, na Dionysus lini?" Swali baya ni "Nafasi ya kicheko katika jamii ya Athene", ambalo hata vitabu kumi havilimalizi.

Wengi wenu mnataka kulinganisha shindano la Aeschylus na Euripides na malumbano ya washairi wetu wa pwani, Muyaka bin Haji wa Mombasa akiwa wa kwanza kutajwa. Naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti moja. Usidai kwamba moja limetoka kwa jingine. Onyesha kila upande unavyofanya kazi katika lugha yake: nani hakimu, nani anaruhusiwa kutukana, kipimo cha shairi kinatumikaje kumwaibisha mpinzani. Kwa hilo unahitaji kujua bahari za ushairi wa Kiswahili kwa kina kile kile unachojua kipimo cha Kigiriki. Msomaji wa ombi lako la chuo (Hatua ya 10) huenda hajawahi kuona hoja hiyo, nawe utakuwa wa kwanza kumweleza, kwa hiyo ieleze kwa mifano ya mistari.

Umefaulu ukiweza kusema swali lako kwa sentensi moja, na ukawa na mistari angalau 20 ya Kigiriki inayolihusu.

## Hatua ya 10: Omba nafasi

Barani kwetu taaluma hii hufundishwa, miongoni mwa kwingine, Ghana (Legon), Nigeria (Ibadan), Malawi na vyuo kadhaa vya Afrika Kusini. Uingereza ina shahada za uzamili za mwaka mmoja, nzuri lakini za ada kubwa. Vyuo vingi vikubwa vya Marekani humlipia mwanafunzi wa uzamivu ada na kumpa posho, ndiyo maana ushindani wake ni mkali.

Karibu kote wataangalia mambo haya, na ningeyapa uzito kwa mpangilio huu.

Kwanza, lugha. Watauliza umesoma Kigiriki na Kilatini kwa muda gani, na wanaweza kukupa ukurasa usiouona kabla uutafsiri. Hatua ya 8 ndiyo maandalizi yake. Kama Kilatini huna, anza leo. Komedia za Plautus zitakufaa baadaye, maana aliziandika akitumia tamthilia za Wagiriki.

Pili, andiko la mfano. Zile kurasa 15. Tafsiri zote zilizomo ziwe zako, na useme hivyo.

Tatu, barua za mapendekezo. Kama ulijifunza mwenyewe bila mwalimu, hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Tafuta mhadhiri wa isimu, fasihi ya Kiswahili au Kigiriki cha Biblia aliye karibu, mpelekee daftari lako na mwombe akupe mtihani wa mdomo. Mtu aliyekuona ukichambua mistari mbele yake ataandika barua yenye uzito kuliko profesa mwenye jina anayekukumbuka kwa sura.

Nne, lugha za utafiti. Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, kwa kusoma tu. Taja unachoanza nacho. Wanaotoka Kongo na Burundi tayari wana Kifaransa, wasisahau kukiandika.

Tahadhari: usijaze ombi maneno ya jinsi ulivyoipenda Ugiriki tangu utotoni. Aya ya kwanza iwe mstari mmoja wa Kigiriki, tafsiri yako, na tatizo ulilokuta humo. Na kabla hujatuma, kagua kila alama juu ya kila herufi ya Kigiriki, kwa sababu kibodi nyingi hugeuza alama ya pumzi unapohamisha maandishi kutoka programu moja hadi nyingine. Tuma kwa muundo wa PDF.